Redio ya Kumsikilizia Keraryo

Tangu redio ya zamani ife, Mzee Wanzagi hakukaa kitini dakika kumi mfululizo. Anakaa, anainuka, anakwenda mpaka zizini kuhesabu ng'ombe ambao ni wanne tu na hawajaongezeka tangu asubuhi, anarudi, anakaa, anainuka tena. Mkewe, Matrida, alikuwa uani anapeta mtama. Alimtazama wee mpaka akachoka.

"Baba Eliud, una siafu kwenye suruali?"

"Siafu gani?"

"Mtu mzima hutulii. Redio tu hiyo. Imekufa, basi."

Ilikufa kifo cha aibu pia. Paka aliisukuma kutoka dirishani ikatumbukia kwenye ndoo ya maziwa ya asubuhi. Fundi wa pale Butiama aliifungua, akainusa, akamrudishia mwenyewe akisema hiyo imeshakunywa ya kutosha, hawezi kuisaidia. Eliud, mtoto wao anayeuza vifaa vya ujenzi Musoma, akatuma elfu hamsini kwa simu ya mama yake na ushauri juu: safari hii baba anunue ya dijitali, bei zimeshuka.

Basi ungedhani jambo limekwisha. Wapi. Wanzagi alikwenda Musoma mara mbili katika wiki moja na mara zote mbili alirudi na vumbi tu. Ya kwanza alisema bei kubwa. Ya pili alisema redio za siku hizi ni nyepesi, ukiishika kama umeshika boksi la viberiti. Matrida akaguna, akaendelea na mtama wake. Miaka arobaini na tatu ameolewa na huyu mtu na anajua akidanganya, ila hajui siku zote anadanganya kuhusu nini.

Mimi nitawaambia. Wanzagi hakuwa anatafuta taarifa ya habari wala muziki. Alikuwa anasubiri tangazo la kifo cha Keraryo.

Msimwone mchawi. Keraryo wa Mugeta ndiye mtu waliyetahiriwa naye siku moja, wakalala kwenye ngozi moja wakiuguza majeraha, wakaahidiana mambo ya kitoto kwamba atakayebaki ndiye atakayetupa udongo wa kwanza kwenye kaburi la mwenzake. Wamekuwa watu wazima, wameoa, wamesimamiana ubatizo wa watoto, ahadi ikabaki pale pale. Halafu ukaja ule mwaka wa ukame. Wanzagi alikuwa amempa Keraryo mtamba amfugie, kwa kuwa kule Mugeta malisho yalikuwa mazuri zaidi. Mtamba akafa. Keraryo akaleta ngozi kwa mikono yake mwenyewe, siku ambayo Wanzagi alikuwa na sherehe ya kumwoza binti, na Wanzagi, pombe ikiwa imeshampanda, akasimama mbele za wageni akasema ile ngozi si ya ng'ombe wake, ni ya ng'ombe mwingine, na mtamba wake ameuzwa mnadani.

Keraryo aliweka chini sahani ya nyama aliyokuwa ameshika, akaondoka. Ni miaka sita sasa.

Na ile ngozi, Wanzagi hakuwahi hata kuikunjua. Aliitupa juu ya dari ya jikoni. Mwaka jana ndipo alipokuwa anabadilisha bati lililooza, ngozi ikaanguka chini ikafunguka yenyewe, na pale pajani ikaonekana alama ya moto aliyoipiga kwa mkono wake, imekaa upande kidogo kwa sababu siku ile mtamba alirusha teke. Alipiga magoti akaigusa kwa kidole. Alama yake kabisa, hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa nayo.

Sasa mwenye akili angevaa viatu akaenda Mugeta siku hiyo hiyo. Wanzagi aliikunja ngozi akairudisha darini, hakumwambia mtu, hata Matrida. Aibu ilimkaba. Akajipangia mpango wa watu waoga: Keraryo akifa, atakwenda msibani, atatupa udongo wa kwanza kama walivyoahidiana, na hapo kaburini atamwomba msamaha kimoyomoyo. Maiti haikuulizi ulikuwa wapi siku zote.

Lakini atajuaje kwamba amekufa? Watoto wa Keraryo hawawezi kumpigia simu mtu aliyemwita baba yao mwizi. Imebaki redio, ambayo saa saba mchana na saa kumi jioni inasoma matangazo ya vifo kwa kila mwenye masikio, awe ndugu au adui. Ndiyo maana tangu mwaka jana hakuwahi kukosa matangazo. Na Jumapili ya juzi, baada ya misa, Katekista Rafaeli alimwambia kwamba Keraryo alipelekwa hospitali na kifua, amerudishwa nyumbani, hali si ya kujivunia. Jumatatu paka akaisukuma redio.

Ndiyo hali hiyo. Kila saa saba iliyopita bila redio, Wanzagi alimzika Keraryo kichwani na kuona udongo wa kwanza ukitupwa na mtu mwingine.

Siku ya nne akaaga kwamba anakwenda Bunda.

"Bunda kuna nini ambacho Musoma hakuna?" Matrida aliuliza.

"Bei."

"Haya. Ukirudi mikono mitupu na leo, hizo hela nanunua kuku."

Pale Bunda, karibu na stendi, aliingia duka la mwanamke mmoja anaitwa Hyasinta, mnene, mchangamfu, ameketi katikati ya taa za sola na nyaya kibao. Alimwamkia shikamoo bila kuinuka, Wanzagi akaitikia, akasema anataka redio ya nyumbani, ya dijitali, isiyomaliza hela.

Hyasinta akamwekea tatu mezani. Ya kwanza ndogo, elfu ishirini na tano, inashika FM tu na sauti yake ilitoka kama mtu anayesemea ndani ya debe. Ya pili kubwa, taa zinawaka kijani na nyekundu, inapokea flashi, ina hata kipaza sauti cha kuimbia.

"Mimi niimbe nini?" Wanzagi aliuliza.

"Hiyo basi tuiache." Akasogeza ya tatu. "Hii elfu arobaini na tano. FM iko, yale masafa ya zamani yapo, betri yake ni kama ya simu na hiki kipaneli cha kuchajia juani unapewa. Mama hatakusumbua hela ya betri kila mwisho wa mwezi."

Wanzagi akaigeuza, akatafuta pembeni, akatafuta nyuma. "Mshale wake uko wapi?"

"Haina mshale, baba. Ina namba." Akabonyeza. Namba zikaanza kukimbia zenyewe kwenye kioo, zikasimama, akaongea mtu, zikakimbia tena.

"Nani ameiambia isimame hapo?"

"Imesikia sauti ndiyo ikasimama."

"Na kama mimi nilitaka pale ilipopapita?"

Hyasinta akacheka mpaka mabega yakatikisika. Alimwonyesha polepole: unatafuta stesheni yako mara moja, unaishikilia hapa mpaka inalia, siku nyingine unabonyeza moja tu inakuja. Wanzagi akajaribu, akakosea, akarudia. Mara ya tatu ikatii. Akauliza kama itashika kwake Butiama nyuma ya mlima, akaambiwa avute antena aiweke dirishani. Akasema dirishani ndiko ilikofia ya kwanza. Hyasinta akamwangalia kutaka kujua kama ni utani, na haukuwa utani.

Redio ilikuwa nzuri. Aliipenda, hilo tuseme wazi. Lakini hakutoa pesa. Alitazama saa ya ukutani: saa saba kasoro dakika kumi. Akavuta ndoo iliyofunikwa, akaikalia.

"Sitaondoka mpaka niisikie ikisoma matangazo ya vifo," alisema. "Musoma walinifukuza. Walisema najaza duka."

Alitegemea acheke tena. Hakucheka. Alimtazama kwa kumchunguza.

"Wewe ni wa pili," Hyasinta alisema. "Wiki hii hii alikuja mzee mwingine, ameletwa na pikipiki kutoka Mugeta. Mwembamba, anakohoa, hata kusimama hawezi vizuri. Akakaa kwenye ndoo hiyo hiyo. Nikamwambia baba, ngoja nikuwekee nyimbo kwenye flashi, akasema nyimbo hana shida nazo, anataka matangazo ya vifo."

Wanzagi akaishika ile ndoo kwa mikono miwili.

"Nikamuuliza, kwani una mgonjwa? Akasema hapana, kuna mtu wa Butiama ametahiriwa naye siku moja, hawaongeagi miaka sita. Akasema yule akifa nyumbani kwake hawatamwambia, na yeye aliahidi kumtupia udongo wa kwanza." Hyasinta akafuta kioo cha redio kwa kanga yake. "Nikamwambia, baba, mbona wewe ndiye unayeumwa? Akasema ndiyo maana ana haraka ya redio."

"Akanunua?"

"Kama hii hii. Akaifumbata kifuani mpaka kwenye pikipiki. Mimi roho iliniuma, siwezi kukuficha."

Saa saba ikagonga na msomaji akaanza. Ukoo fulani wa Bukima unasikitika kutangaza kifo cha baba yao mpendwa, habari ziwafikie walioko Musoma, walioko Tarime, walioko Serengeti. Sauti ilikuwa safi, kila jina linasikika. Ndicho alichokuwa anakihangaikia siku nne nzima, na sasa hakisikilizi. Alikuwa anamwona Keraryo amekalia ndoo hiyo, amenyoosha shingo, anasubiri jina la Wanzagi.

Mtu aliyeitwa mwizi mbele za watu, na bado anahangaika na kifua chake kibovu ili asikose kumzika aliyemwita hivyo. Wanzagi aliona uso unamchoma.

Akasimama kabla matangazo hayajaisha.

"Pikipiki za Mugeta zinakaa wapi?"

"Ukivuka barabara tu. Na redio, baba?"

"Niwekee."

"Nikuwekee mpaka lini?"

Alikuwa ameshatoka. Hyasinta alimwona anavuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto, lori likampigia honi ndefu na yeye asigeuke.

Njia nzima alikuwa anapanga maneno mgongoni kwa dereva. Keraryo, nimekuja kuhusu ile ngozi. Hapana. Keraryo, mwenzangu, shetani alinipitia. Hapana, shetani gani, ilikuwa pombe na mdomo wake mwenyewe. Kila pikipiki iliporuka shimo alipoteza neno moja, na walipofika Mugeta yalikuwa yameisha yote. Dereva alimshusha kwenye geti la miti. Alisimama pale akishika mti wa geti, akaachia, akashika tena. Moyo ulimwambia rudi. Akasikia redio ndani ya boma, akaifuata sauti.

Keraryo alikuwa ameketi barazani, blanketi miguuni, amekonda kuliko alivyoelezwa. Pembeni yake kwenye kigoda kulikuwa na redio ile ile, antena imevutwa mpaka mwisho. Ilikuwa karibu saa kumi. Alimwona Wanzagi akitokea, akamtazama mpaka alipofika hatua tatu mbele yake, na hakuonyesha kushangaa.

"Hawajakutangaza bado," Keraryo alisema.

"Na wewe pia."

"Mchana wamesoma watu watano. Nimesikiliza mpaka mwisho." Akakohoa kwa muda mrefu, Wanzagi amesimama tu, mikono haijui iende wapi. "Kaa. Unanizibia hewa."

Wanzagi hakukaa. Alijua akikaa ataulizia kwanza mvua, halafu ng'ombe, halafu wajukuu, jua litazama na atarudi Butiama na lile jambo bado liko tumboni. Mtangazaji alikuwa ameanza kusoma majina kwa sauti kubwa, na Wanzagi akasema akiwa amesimama, haraka haraka, macho chini.

"Ile ngozi ilikuwa ya ng'ombe wangu. Nimeiona alama. Nilikusingizia, Keraryo. Nimejua mwaka mzima nikanyamaza."

Mtangazaji alimaliza jina moja akaanza lingine. Kisha mkono mwembamba ukatoka chini ya blanketi, ukapapasa vitufe kimoja kimoja mpaka ukapata kile cha kuzimia, na kote barazani kukawa kimya.

"Sema tena," Keraryo alisema. "Nilikuwa nasikiliza redio."

Wanzagi akakaa, akasema tena.