Ghala Lisilojua Kusahau

Wiki nzima wafanyakazi wa redio walikuwa wakifuta vipindi vya zamani ili kupata nafasi, na bado ghala la diski lilidai limejaa pomoni. Seva, kompyuta inayoandika vipindi humo, nayo ilishikilia kwamba nusu ya ghala ni tupu.

"Mmoja wao mwongo!" alifoka meneja.

Bi Waya, fundi wa mitambo, alizitazama zile namba mpaka akaelewa. Hakuna aliyedanganya. Ghala huikatia seva nafasi kadiri inavyoandika, lakini halirudishi kwake hata chembe ya nafasi hiyo mpaka liambiwe kwamba haitumiki tena. Seva ilikuwa imefuta bila kuliambia ghala. Amri ya kuliambia ghala liachie nafasi hiyo alikwisha kuiandika, ikabaki kubonyeza tu.

"Bonyeza basi, dada, tunachelewa!"

"Bosi, karibu kila tulichofuta bado kimo humu. Nikibonyeza, kinapotea kabisa."

Meneja akanywea. Kipindi cha kwanza kufutwa kilikuwa cha marehemu babake, mtangazaji wa alfajiri. Alikifuta yeye mwenyewe, akijigamba kwamba redio si makumbusho.

"Hata sauti yake?" aliuliza, kama mtoto.

Bi Waya aliondoa kidole kwenye kitufe polepole, kama mtu aliyenusurika kumkanyaga aliyelala.