Picha Ambayo Fundi Sura Hakuifuta

Wateja walimwita Fundi Sura, na jina likamkaa. Studio ya picha ilikuwa ya mumewe, lakini nyuso zilikuwa kazi yake: mume anapiga, yeye anakaa mbele ya kompyuta na kufuta. Chunusi, makovu, mabaka, vyote alivifagia. Bibi harusi aliingia na uchovu wake usoni, akatoka laini mpaka mama mzazi akauliza huyu ni nani.

Kwa hiyo mabaka yalipomtokea yeye mwenyewe, moja kila shavu na dogo juu ya mdomo, aliona aibu isiyo na kifani. Akanunua mkorogo kwenye kopo lisilo na jina, akajipaka kwa siri. Mabaka yakakolea, yakatanuka bila haya. Ndipo alipopiga moyo konde na kwenda kwa daktari wa ngozi, mama wa makamo asiye na haraka na mtu. Pazia la chumba kile lilikuwa jeupe, likivuta pumzi na upepo, na Fundi Sura aliketi pale akajiona kama yuko usingizini.

"Huo mkorogo utupe leo hii, mwanangu," daktari alisema. "Unaichubua ngozi, na ngozi ikiumia hujitetea kwa weusi. Mabaka haya yana sababu nyingi. Jua, dawa, mimba. Umewahi kubeba mimba?"

"Sina mtoto."

Daktari alimtazama, hakubisha. "Basi yalianza lini?"

"Sikumbuki vizuri. Miaka miwili? Mitatu?"

"Niletee picha zako za nyuma tuone."

Mke wa mpiga picha akose picha! Mchana kutwa alifungua faili baada ya faili: siku ya kuzaliwa, harusi ya wifi, kitambulisho. Kote uso ulikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Alikuwa amejifuta kwa mkono wake mwenyewe, kila picha, kabla mtu hajaiona, na ya asili hakubakiza hata moja. Fundi mzima, anayewaonya wateja kila siku watunze za asili!

"Mume wangu," aliita, "hivi mimi nilikuwa na sura gani?"

Mume, mtu wa utani, safari hii hakutania. Alitoa simu mfukoni, akaitafuta picha kwa muda. "Hii sikukuonyesha," alisema. "Ungeifuta."

Ndani ya picha amelala kwenye kochi, saa za mchana, mwanga wa dirisha umemfunika mwili mzima, mkono juu ya tumbo lililotuna. Mashavuni mabaka yale yale, mepesi bado. Ulikuwa mwezi wa sita wa mimba yake. Wa saba hawakuufikia. Walirudi kutoka hospitali mikono mitupu, na tangu hapo jambo lile halikutajwa nyumbani. Fundi Sura alilia kwa sauti, studio ikiwa wazi, mteja mlangoni, asijali.

Kesho yake daktari aliishika simu ile kwa mikono miwili. "Pole sana, mwanangu," alisema. Kisha akamweleza taratibu: mabaka haya yalianza na mimba, jua likayalisha, mkorogo ukayachochea. Mafuta ya kuzuia jua kila asubuhi, hata kukiwa na mawingu. Krimu hii jioni, kidogo kidogo. Yatafifia kwa miezi, si kwa siku.

Jioni alikaa mbele ya kioo, mume nyuma yake akimtazama. Alipaka juu ya mdomo. Akapaka shavu la kulia, polepole, mpaka krimu ikaingia yote. Kidole kilipofika shavu la kushoto kikasimama.

"Na hapo?" mume aliuliza.

"Nikilipaka na hili, nitabaki na nini cha mtoto wetu?" alisema, machozi yakimlengalenga. "Hili niliache kwanza."

Mume akavuta kiti, akakaa naye upande ule wa kushoto.