Kidole Gumba Kwenye Kabureta

Fundi alikuwa amelala chali kwenye korido, shavu karibu na gurudumu la nyuma, akinusa. Pikipiki ya Kiitaliano iliyoachwa na marehemu, nyekundu na kuukuu, ilikuwa ikivuja petroli tena. Mchana kutwa ilikaa kavu, haina neno. Jioni ikifika ilianza kuchuruzika, na kwa kuwa jiko lilipakana na korido, hakuna aliyethubutu kuwasha moto, familia ikawa inakula kiporo baridi.

Fundi alikuwa amebadilisha mpira wa petroli, ikavuja. Akabadilisha koki ya tangi, ikavuja vilevile. Mwenye nyumba, mtoto wa marehemu, alikuwa mtu wa kiwiliwili kizito ambaye mtaa mzima ulimwita Injinia ingawa kazi yake ilikuwa kuuza mapazia. Alikuwa ameanza kumtolea fundi maneno ya kashfa, lakini kwa upole, maana mafundi wa pikipiki za Kiitaliano hawaokotwi njiani.

Ndipo fundi akaomba poda ya mtoto. Aliifuta kabureta ikakauka, akainyunyizia poda mpaka ikawa nyeupe pe, akaeleza kwamba petroli itakapopita itaacha njia yake, nao wataifuata mpaka penye kosa. Wakaenda sebuleni kunywa chai iliyopoa. Waliporudi, poda ilikuwa imelowa chini ya kabureta, na juu, kwenye kitufe kidogo, palikuwa na alama ya kidole gumba.

Fundi akaeleza kazi ya kitufe hicho. Kwa pikipiki za zamani za namna ile, injini ikiwa baridi, mtu hukibonyeza mpaka petroli ifurike kidogo, ndipo apige kiki. Mjane wa marehemu alivaa miwani, akainama kutazama. Alama ya kidole ilikuwa na kovu katikati.

"Huyu ni Mzee," alisema. "Na hata hodi hakupiga."

Hiyo hodi ndiyo iliyomuudhi.

Kesho yake walipanga viti kwenye korido, wakamsubiri. Marehemu aliingia jua lilipozama, amevaa suti aliyozikwa nayo, suruali ameikunja isichafuke. Fundi alimwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba. Kisha akafungua koki, akabonyeza kitufe mpaka petroli ikamwagika sakafuni, akapanda, akapiga kiki. Kiki haikushuka. Akajitupa kwa mwili wote, lakini wafu hawana uzito, ikawa kama nzi ametua. Fundi akashusha pumzi kwa raha. Kabureta haikuwa na kosa lolote, na jina la fundi likawa limesafishika.

Mjane alimuuliza mumewe anakwenda wapi kila jioni, swali ambalo hata alipokuwa hai hakulijibu vizuri.

"Kuirudisha kwa mwenyewe," alisema marehemu. "Niliiazima mara moja tu."

Wote wakatazama sakafu. Mwenyewe alikuwa dada wa marehemu, shangazi wa Injinia, aliyekaa nyumba ya pili kutoka hapo. Aliinunua ujanani kwa jasho lake, kwa kushona sare za shule. Kaka yake akaiazima aende nayo kwa mchumba, yule yule ambaye sasa ndiye mjane wake, kisha akasema mwanamke juu ya pikipiki kama ile atasemwa vibaya. Tangu hapo shangazi alitembea kwa miguu, na pikipiki ikaitwa ya Mzee. Ilikuwa dhuluma tupu, na familia yote iliijua.

"Uliniachia mimi, Baba," alisema Injinia.

"Nilikuachia cha watu, mwanangu. Nipigie kiki moja tu, nitaipeleka mwenyewe."

Injinia alisema goti linamsumbua. Fundi, ambaye mguu wake mmoja ungetosha, alimtazama aliyemwita kazini, akasema yeye aliitiwa kuvuja tu. Mjane akasema mambo kama hayo hayaamuliwi kwenye korido, yangoje kikao cha ukoo, watu wote wakipata nafasi. Kwa hiyo wakaweka beseni chini ya kabureta.

Shangazi alipopata habari alikuja jioni iliyofuata, akamtazama kaka yake juu hadi chini, akamwambia amekonda. Marehemu akamwomba radhi.

"Radhi nimeipokea, kaka," alisema shangazi. "Sasa nataka pikipiki yangu."

Akapanda mwenyewe akapiga kiki, lakini magoti yaliyotembea umri mzima yaligoma. Kuisukuma kulihitaji mtu wa pili, na kila aliyekuwepo alikumbuka kazi yake. Wifi yake akamkaribisha chai.

Siku hizi mambo yamezoeleka. Chakula hupikwa mapema, kabla Mzee hajaingia, naye sasa hupiga hodi. Petroli ya kwenye beseni huchujwa kwa kitambaa na kurudishwa tangini. Shangazi huja kila jioni akaketi kando ya kaka yake, wakacheka mambo ya utotoni, huku marehemu akibonyeza kitufe na kupiga kiki isiyoshuka. Kikao bado hakijaitishwa. Jumapili asubuhi goti la Injinia hupata nafuu. Hupiga kiki moja tu, pikipiki ikaunguruma, akatoka nayo barabarani amevaa miwani ya jua, na akimkuta shangazi yake anatembea mbele, humpigia honi. Shangazi husogea pembeni, akampisha.