Zamu ya Kwenda Budapest

Katika kijiji chetu cha ujamaa kila kitu kilikwenda kwa zamu: shamba la pamba, trekta, hata cherehani ya kina mama. Sikuwa na ugomvi na zamu mpaka zilipoigusa safari yangu.

Barua ilitoka Dar es Salaam mwezi wa tatu, mwaka 1975. Ilimtaka Ndugu Hildegarda, katibu wa kijiji, yaani mimi, aende Budapest, mji mkuu wa Hungaria, wiki sita kusomea ushirika. Nilikwishapiga picha za pasipoti kule Magomeni ya Kilosa. Nilikwishaazima koti la sufu misheni ya Mamboya. Nilikuwa na kijitabu chenye picha za mji wenyewe: majumba ya wafalme wa kale kilimani, Mto Danubi katikati, na madaraja. Nilikitazama mpaka kurasa zikalegea.

Mwenyekiti, Mzee Mwinshehe, akaitisha kikao. Nilidhani ni cha kuniaga.

"Wiki sita ni nyingi kwa mtu mmoja," alisema Anselmi, msimamizi wa trekta. "Tugawane. Aanze Hildegarda wiki mbili, akirudi niende mimi, nikirudi aende Joha wa chekechea."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu.

"Ndugu Anselmi, ndege si lori la miwa la Kidodi, kwamba huyu akishuka yule anadandia!"

"Kwani hairudi?"

"Inarudi, lakini..."

"Basi ikirudi si itakuwa na nafasi?"

Watu wakapiga makofi. Nikaeleza kwamba tiketi ina jina, pasipoti ina sura, kozi ina mwanzo na mwisho. Nilikuwa kama nampigia mbuzi gitaa. Mzee mmoja akataka kujua ni watu gani hao waliojenga mji mkuu mtoni, wakati mto wetu wa Mkondoa peke yake hututoa roho kila masika. Tukajadili mafuriko ya Hungaria nusu saa nzima. Kisha Mwinshehe akaomba wanaoafiki wanyooshe mikono. Ikanyooka yote isipokuwa wangu, uliokuwa umeshika kalamu, maana mwandishi wa kumbukumbu za kikao ni nani? Mimi. Na barua ya kuiomba Dar itugawie safari aandike nani? Mimi huyo huyo.

Nilitoka nje kwa hasira. Bibi Mwanakheri, jirani yangu, akanifuata na mkongojo wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Usiwachukie. Umewekwa wa kwanza makusudi. Usiporudi, Anselmi hapati zamu yake, na unamjua Anselmi. Atakufuata huko huko."

"Nani kasema sirudi?"

"Generoza tulimpeleka kozi Morogoro, miezi mitatu. Huu mwaka wa nne."

"Mimi si Generoza, bibi!"

"Safari ya wiki sita, mwanangu, mtu huuza kuku wote?"

Niliwauza Jumamosi sokoni Kilosa, wote kumi na mmoja, hata tetea aliyekuwa anaatamia, nikidhani hakuna aliyeniona. Nilimkasirikia bibi yule kuliko kikao kizima. Wale walikuwa hawajui tu mambo ya ndege. Yeye alikuwa amenijua mimi.

Barua niliiandika kama nilivyoagizwa, nikaipeleka posta mwenyewe. Njiani niliitoa mara tatu ili niichane, na mara tatu nikaona kwamba kuichana ni kukiri.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Kwa kuwa kijiji hakijaafikiana juu ya mjumbe wake, nafasi imepewa wilaya nyingine. Niliwasomea kikaoni. Anselmi akauliza zamu yetu itazunguka tena lini.

Jioni Bibi Mwanakheri alikuja kwangu na tetea mwekundu. Alimfunga kamba mguuni, ncha nyingine akaifunga kwenye nguzo ya baraza.

"Huyu anataga vizuri," alisema.

Sikujua nimshukuru au nimfukuze yeye na kuku wake. Niliingia ndani kutafuta punje za mahindi, huku nalia.