Syokau Wawili

Kavata alipomaliza programu yake ya kwanza alijiona amefika. Alikuwa amesoma kozi ya miezi sita Machakos, na sasa kompyuta ya kanisa pale mjini Wote, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, ilimtii yeye peke yake. Ukame wa mwaka huo wa tisini na saba ulikuwa umemaliza maghala, na kanisa lilitaka orodha safi ya watakaogawiwa mahindi ya msaada. Kavata akaiandikia mashine amri aliyojivunia kuliko zote: jina likitokea mara mbili, la pili lifutwe.

Mashine ikafuta majina arobaini na moja. Binti wa watu hakujiuliza hata kidogo. Alimpelekea Mchungaji Ndululu karatasi yenye majina hayo, akamwambia hao ndio waliojiandikisha mara mbili. Jumapili mchungaji akayasoma mbele ya watu wote na kuongeza neno kali kuhusu tamaa, Kavata akitabasamu kiti cha mbele.

Akasimama bibi mmoja, Syokau Nzomo. Kando yake akasimama mjukuu wake, mama wa watoto watatu mwenye boma lake, naye pia Syokau Nzomo. Wakafuata wengine, wawili wawili, nyanya na mjukuu, babu na mjukuu. Kila Mkamba ajua kwamba mtoto hupewa jina la babu au nyanya. Kavata alilijua hilo kabla hajajua kusoma, ila elimu mpya ilikuwa imempanda kichwani.

Aibu ilimshika hadi masikioni, akatamani ardhi ipasuke immeze. Aliitwa mbele kuomba msamaha. Sauti yake haikufika hata viti vya kati, akaambiwa arudie.

Ibada ilipokwisha alimfuata bibi nje, akaahidi kurudisha majina yote kabla ya Jumatano, siku ya mahindi. Bibi hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Nisamehe, susu," Kavata alisema, akimwita nyanya kwa Kikamba.

"Wewe ulipewa jina ya nani?"

"Ya nyanya yangu. Alishakufa."

"Angekuwa hapa leo, ungepeana jina yake isomwe na ya wezi?"

Mashine ingefuta Kavata mmoja, naye asingejiuliza. Jibu lilikuwa ndiyo, na wote wawili walilijua.