Meno ya Juu

Kidole changu kilikuwa kinywani mwa mrithi wa ufalme nilipoyagusa: meno mawili, madogo kama chenga za mchele, yamechomoza kwenye ufizi wa juu. Nikapapasa chini. Chini kulikuwa laini, hamna kitu. Niliutoa mkono upesi nikageuka kutazama mlangoni kama kuna aliyeniona. Kwetu msituni mtoto akianza kuota meno ya juu ni kigego, na kigego hakai. Mwaka hauishi kabla jeneza halijatoka katika nyumba ile. Mtoto mwenyewe, Ludolf, wa miezi sita, alinichekea tu huku mate yakimtiririka shingoni.

Sikumwambia mtu. Mamake aliyaona kesho yake, akapiga makofi kwa furaha, akaita watumishi waje kutazama. Watu wa kasri hawana habari na mambo ya kigego. Nikajisemea, heri yao.

Mama huyo, Binti Mfalme Leontine, amefariki majira haya ya baridi, na gazeti limempa kurasa mbili nzima: hospitali alizofungua, watoto wake sita, mavazi aliyozikwa nayo. Hapakuandikwa popote kwamba aliwahi kuwa mwongo, wala kwamba aliwahi kuukiri uongo wake mbele ya wachoma mkaa. Mimi niliyemnyonyeshea mwanawe wa kiume wa kwanza nayajua yote mawili. Kusoma nilijifunza ukubwani, nikiwa na miaka thelathini, na nilijifunza kwa hasira. Basi nayaandika.

Nilitoka Brennsdorf, kijiji cha wachoma mkaa. Mwaka ule gogo lilimwangukia Veit, mume wangu, likamvunja mguu, na ilipofika Septemba tulikuwa tunapika supu ya majani ya upupu. Ndipo daktari wa kasri akaja na mchungaji wetu, akitafuta mama mwenye maziwa mazuri. Alinitazama meno, akanivuta nywele, akaniminya titi kama yuko mnadani. Jost wangu alikuwa na miezi miwili. Nilimwacha kwa mama mkwe, anyweshwe maziwa ya mbuzi, nikapanda gari la farasi bila kugeuka nyuma, kwa maana ningegeuka ningeshuka. Aliyeshiba ataniuliza niliwezaje. Mwenye njaa hana miiko.

Kasrini nilivishwa sketi nyekundu na kilemba chenye tepe, nikapewa na masharti yangu. Nisile kabichi, nisiguse siki wala kitunguu. Nisikimbie, nisigombane, nisilie. Hasa nisilie. Binti Mfalme alikuwa amezaa mtoto mmoja kabla ya Ludolf, msichana, akafa akiwa na wiki tano. Yaya wake alipata habari kwamba kaka yake ameuawa vitani, akalia siku mbili, maziwa yakakauka, na mtoto akalikataa kila titi jingine. Daktari alisema huzuni huyachachusha maziwa. Tangu hapo Malkia Friederun, mama mkwe wa Binti Mfalme, alitoa amri: habari mbaya isivuke mlango wa chumba cha mtoto.

Aliyenichangamsha mle ndani ni Sidonie, mama mtu mzima aliyetunza nguo za mtoto. Kila asubuhi aliingia na kapu lake la nepi na utani uleule.

"Vipi, ng'ombe wa kifalme, umeshiba?"

"Nimeshiba. Njoo ukamue."

"Nikamue mimi? Hayo maziwa yana taji, nitakatwa mkono!"

Na Binti Mfalme mwenyewe alinipenda, siwezi kukataa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mtoto wa mfalme wa kaskazini. Dada zake saba walikuwa wameozwa kila mmoja kwenye kasri lake, nchi mbalimbali, na barua zao zilifunguliwa na Malkia kabla hazijamfikia. Mumewe alikuwa mtu wa gwaride na farasi. Alimwona mwanawe Jumapili, akamgusa shavu kwa kidole kimoja, akaondoka. Nilipokuwa nanyonyesha, Binti Mfalme alivuta kigoda akaketi karibu na magoti yangu, akitazama. Siku moja aliniambia aliomba anyonyeshe mwenyewe. "Mama mkwe alicheka sana," alisema. "Akaniambia, 'Kwani wewe ni mke wa muuza samaki?'"

Yeye ndiye aliyejitolea kunisomea barua zangu. Kila wiki mbili mchungaji aliandika aliyoambiwa na Veit, na Veit akagandamiza dole gumba chini ya karatasi, dole jeusi la mkaa. Jost amenenepa. Jost anamng'ang'ania mbuzi masikio. Tulicheka pamoja, mimi na Binti Mfalme, kisha akanipa karatasi nikalale nayo.

Mwezi wa pili wa mwaka mpya mambo yalibadilika kidogo, nami kwa ujinga wangu sikuyatia maanani. Binti Mfalme akawa hanipi tena barua. "Acha nikutunzie, Yaya, zitalowa maziwa." Sidonie akaacha utani, akiingia anaweka nepi, anatoka. Nilidhani jino linamsumbua. Na barua zenyewe zikawa tamu kuliko zamani, ndefu, zimejaa mambo ya mtoto tu, hazimtaji mbuzi wala mguu wa Veit. Nilifurahi. Nikasema moyoni, mume wangu anajifunza kusema.

Kisha ikaja siku ya tatu baada ya Ludolf kuota meno. Nilikuwa nimeketi dirishani, mtoto kifuani. Binti Mfalme akavuta kigoda, akafungua karatasi.

"Sikiliza hii, Yaya. 'Jost wetu ameota meno mawili ya juu. Bibi yake amefurahi, ameoka mkate wa asali, amegawa kwa majirani.'"

Mama mkwe wangu aoke mkate kwa ajili ya meno ya juu? Yule bibi angefunga madirisha, angekinyima kijiji habari, angempeleka mtoto kwa mchungaji kimyakimya aombewe. Wala Veit asingeniandikia jambo kama hilo, hata kama lingekuwa kweli. Hakuna mtu wa Brennsdorf angeweza kuisema sentensi ile.

"Soma tena, Mtukufu."

Akasoma tena. Safari hii mkate ulikuwa wa zabibu.

"Naomba karatasi."

"Yaya, hujui kusoma."

"Najua dole la mume wangu."

Nilinyoosha mkono, na yeye, aliyeweza kuita walinzi ishirini, akanipa. Juu ya karatasi palikuwa na nembo ya dhahabu, ileile iliyo kwenye vijiko vya kasri. Chini palikuwa peupe.

"Jost yuko wapi?"

"Yaya, mtoto yuko kifuani. Tafadhali. Amalize kwanza."

"Aliye kifuani namwona. Nakuuliza aliye nyumbani."

Alimtazama mwanawe akinyonya, akanitazama mimi, na nikaona anavyoogopa. Namsema kwa haki: alikuwa ameshazika mmoja, na aliamini kwamba neno lake moja lingemuua wa pili. Angeweza kuendelea kunidanganya. Mimi ni nani? Ningelia, ningepewa dawa ya usingizi, basi.

"Kifaduro," alisema. "Tarehe sita mwezi wa pili."

Nikahesabu. Wiki sita. Wiki sita nimekula kuku, nimeimba bembelezi, nimecheka.

"Amezikwa?"

"Walikungoja siku tatu. Mumeo alikuja kukuchukua, Yaya. Alikuja kwa miguu, na gongo lake. Nilimwona dirishani, amesimama getini kwenye theluji. Malkia aliagiza aambiwe kwamba umeshapewa habari, na umechagua kubaki."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wahenga wamesema. Lakini ule ulikuwa na mwingine juu yake. Kumbe Veit alirudi maili zile zote na mguu ule mbovu, akamfukia mwanetu, akijua kwamba mamake amekula shibe na kukataa kuja. Kijiji kizima kilikuwa kinajua hivyo. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui mimi ni mtu gani.

Nilimtoa Ludolf kwenye titi. Nikamweka mapajani pa mamake, nikafunga vifungo, nikachukua shali yangu. Hakuna aliyenizuia. Sidonie alikuwa ukumbini, amejibanza ukutani, aproni mdomoni.

"Nilitaka kukwambia, mwanangu. Wallahi nilitaka."

"Ungeniambia, basi."

Nilishuka ngazi mpaka kati. Huko juu mtoto akaanza kulia, kilio kile cha njaa ninachokijua, kinachoanza kwa kukohoa kidogo. Na maziwa yakatoka. Sikuyaita. Yalitoka yenyewe yakalowesha kifua chote mpaka tumboni, na mimi machozi yananitiririka, vyote kwa pamoja, nimeshikilia ukingo wa ngazi nikijichukia. Mwili hauna aibu. Haukujua mtoto gani amekufa na yupi analia.

Nikarudi. Nataka ieleweke kwamba sikurudi kwa ajili ya Binti Mfalme. Nilirudi kwa sababu yule mtoto hakuwa amenikosea kitu, na kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumpa.

Nilimnyonyesha huku nalia kwa sauti. Nililia siku ile, nikalia kesho yake, nikalia mpaka mwezi wa tatu ukaisha mbele ya daktari na mbele ya Malkia, na hakuna tone lililochacha. Ludolf alinenepa. Kigego yule leo ana kitambi na wajukuu. Walinificha mazishi ya mwanangu kwa ajili ya jambo ambalo halikuwa kweli, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulitamka hilo. Malkia alisema tu kwamba mimi nina mwili wa kipekee.

Lakini siku ile ya kwanza, mtoto aliposhiba na kusinzia, nilimwambia Binti Mfalme sharti langu.

"Nitamnyonyesha mpaka mwezi wa sita. Akiachishwa, utakuja nami Brennsdorf. Utamwambia Veit kwamba sikuambiwa."

"Nitamwandikia leo hii. Kwa mkono wangu, na muhuri."

"Umeshaandika ya kutosha, Mtukufu."

Aliinamisha kichwa. "Malkia hataniruhusu. Binti wa mfalme kwenda kumwomba radhi mchoma mkaa? Haijawahi kutokea."

"Na mimi kumzika mwanangu haijatokea."

Sikuamini kama atakuja. Mwezi wa sita, siku ya kuondoka, nilitoka na furushi langu kupitia mlango wa jikoni, nikamkuta ameketi ndani ya gari, amevaa nguo nyeusi za msiba, peke yake bila mjakazi. Baadaye nilisikia kwamba Malkia hakuzungumza naye kwa mwaka mzima, na kwamba barua za dada zake zilizuiwa kabisa. Njiani yeye alitazama msitu upande wake, mimi upande wangu.

Veit alikuwa uwanjani na wenzake wanne, wanafunika tanuri la mkaa kwa udongo. Walipoona gari lenye nembo walivua kofia. Veit aliponiona mimi nikishuka alirudisha kofia yake kichwani, akaendelea na koleo. Mama mkwe alisimama mlangoni, akaingia ndani.

Binti Mfalme alitembea kwenye masizi yale mpaka mbele yake. Nilidhani atatumia maneno makubwa ya kasri. Hakutumia.

"Mkeo hakuambiwa," alisema, na wale wanne walisikia. "Habari za kifo nilimficha mimi. Barua nilikuwa nazitunga mimi. Siku uliyokuja getini nilikuwa dirishani nakuona, na sikushuka. Yeye hakuchagua kubaki. Hakujua."

Veit aliegemea koleo. Alikuwa amezeeka kwa miezi tisa kuliko mwanaume anavyozeeka kwa miaka tisa. Alimtazama yule mwanamke mwenye nguo nyeusi kwa muda mrefu, upindo wa gauni lake umejaa majivu, na mimi nikaomba asimtukane, kisha nikaomba amtukane.

"Mwanao mzima?" aliuliza.

"Mzima. Anatambaa."

"Haya. Mungu amkuze."

Binti Mfalme alifunika uso kwa mikono yake, akasimama hivyo hivyo. Hapana aliyemgusa. Hatimaye alirudi garini mwenyewe, na gari likaondoka.

Veit hakunikumbatia. Alilitua koleo, akajifuta mikono kwenye suruali, polepole, kidole baada ya kidole, kisha akanijia akichechemea mpaka tukawa karibu.

"Wiki ile ya mwisho," aliniambia, "alikuwa ameanza kukaa mwenyewe. Bila kushikwa. Nilimweka pale kwenye ngozi ya kondoo, akakaa."

"Kwa muda gani?"

"Mrefu," alisema Veit. "Alikaa mrefu."