Herufi Zile Zile

Nilimuua Mzee Ebeneza siku ya Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, kabla sijanywa chai. Nilimuua kwa kichwa kimoja cha habari kwenye tovuti ya televisheni yetu: "Mzee Ebeneza, mtetezi wa wakulima wa viazi, afariki dunia." Kufika saa tatu, watu elfu mbili walikuwa wameshasoma.

Jina langu ni Basil. Nimeripoti habari za Makambako kwa miaka kumi na tisa, na sifichi, najipenda kidogo. Nikipita sokoni na kamera watu wananipisha. Kwa hiyo kituo kilipomwajiri Fidelia, binti wa Iwawa, aje atutengenezee tovuti, nilimwona kama mtu wa mapambo tu: sisi tunapika habari, yeye anapanga sahani. Nilikuwa mjinga, tena mjinga mwenye maringo.

Fidelia ana simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka. Kila ukurasa anaoutengeneza lazima kwanza ufunguke kwenye simu ile, tena akiwa amesimama kwenye kona ya ofisi ambako mtandao unasuasua. Usipofunguka, anaukatakata. Picha nzito anaipunguza, matangazo yanayorukaruka anayatoa, mpaka ufunguke. Bosi wetu, Mzee Kasimiri, alitaka video ianze yenyewe mtu akiingia tu. Fidelia akamwambia, "Bosi, mama wa kule Makete akiingia hapo, bando lake litaisha kabla hajajua habari yenyewe ni nini." Bosi akanyamaza. Watu waliowahi kumnyamazisha Mzee Kasimiri nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Jumatatu hiyo nilikuja na gari la kwanza kutoka Makambako hadi ofisini kwetu, kata ya Ramadhani, mjini Njombe. Stendi mtu alikuwa ameninong'oneza kwamba Mzee Ebeneza wa Mdandu yuko hoi. Nani hamjui? Ndiye aliyesimama na wakulima kupinga lumbesa, yale magunia ya viazi yanayojazwa mpaka yanaota kichwa cha pili. Nikapiga simu nyumbani kwake. Akapokea mkewe, Mama Germana.

"Kamwene, mama. Nimesikia habari za mzee."

"Kamwene, mwanangu. Eee, kifua kilimbana, usiku kucha tumehangaika naye. Sasa amepumzika."

"Pole sana, mama."

"Asante. Tunamshukuru Mungu."

Kwetu, watu wa kanisani, mtu akifa tunasema amepumzika, na hata kaburini tunamshukuru Mungu. Nikakata simu, nikaandika. Sikuuliza swali la pili. Mimi, ninayewahubiria waandishi wapya kila siku kwamba haraka haraka haina baraka!

Saa nne simu yangu ikaita. Alikuwa Mama Germana.

"Basil, kuna watu wanashusha kuni uani kwangu. Wengine wamekuja na unga, wanalia. Mzee ameamka, ametoka chumbani anauliza nani amekufa. Wewe umeandika nini?"

Mzee alikuwa amepata usingizi. Basi.

Nikaenda mezani kwa Fidelia nikimwambia afute, afute sasa hivi. Mzee Kasimiri naye akatoka chumbani kwake, simu tatu zinamlilia kwa mpigo. "Futa," akasema. "Tutasema tovuti imevamiwa na wahalifu wa mitandao."

Fidelia akaondoa mikono kwenye kompyuta, akaiweka mapajani.

"Sifuti, bosi."

"Unasemaje?"

"Habari imeshaingia kwenye magrupu ya WhatsApp. La kwaya, la wakulima, la ukoo. Huko siwezi kufuta. Nikifuta huku kwetu, atakayebonyeza atakuta ukurasa mtupu, atabaki na msiba wake. Lakini ukweli ukikaa mahali pale pale palipokuwa na uongo, kila atakayebonyeza atakutana nao."

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, moja likihusu watoto wa juzi wanaotaka kuwafundisha kazi wakubwa zao. Bosi akalegea kidogo, akasema basi tuweke mstari mdogo chini kabisa, tuandike "habari hii imeboreshwa."

"Kosa tulilitangaza kwa herufi kubwa," Fidelia akasema. "Masahihisho nayo yawe kwa herufi zile zile. Na jina la mwandishi."

"Jina la nani?" nikauliza, kama vile sijui.

Alinitazama bila dharau, na hapo ndipo iliponiuma. "Kaka Basil, ile habari yako ya daraja iliposifiwa, uliniambia nikuze jina lako. Nikalikuza."

Mtu asinidanganye kwamba jina si kitu. Mimi sina shamba la parachichi wala nyumba ya kupangisha. Nina jina, ndilo linalonifungulia milango ya ofisi za watu, na nilijua nikiliweka juu ya kosa lile, Makambako nzima itanicheka mpaka nizeeke. Nikamwomba bosi kwa macho. Bosi akanielewa.

"Fidelia, nikikuamuru?"

"Utafuta mwenyewe, bosi. Nywila nitakuandikia kwenye karatasi. Halafu mimi nitafungasha vitu vyangu."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya vitunguu. Lakini alikuwa ameshavuta karatasi na kalamu. Ana mwaka mmoja kazini, anamsomesha mdogo wake, na alikuwa ameiweka kazi yake mezani kwa ajili ya kosa ambalo si lake. Mimi mwenye kosa nilikuwa nimesimama pembeni nikilinda jina. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona aibu.

"Sogea," nikamwambia. Nikakaa kwenye kiti chake, nikaandika:

"Mzee Ebeneza yu hai. Mimi, Basil, niliandika kwamba amefariki. Nilipiga simu moja tu na sikuuliza vizuri. Mkewe hakukosea neno lolote. Niliyekosea ni mimi. Namwomba radhi yeye, familia yake na ninyi mliosoma."

Fidelia akakuza herufi. Akaondoa ile picha ya huzuni isiyo na rangi niliyoiweka asubuhi, akaweka nyingine ya mzee akicheka kati ya magunia ya viazi, ili hata asiyejua kusoma aelewe. Akaupunguza ukurasa mpaka ukawa mwepesi kama karatasi ya sigara, akaenda nao kwenye kona yake na simu ya kioo kilichopasuka. Ukafunguka. Akarudi, akasema, "Bonyeza wewe, kaka." Nikabonyeza. Mzee Kasimiri alitutazama sote wawili, akatoa funguo za gari mfukoni. "Twendeni Mdandu," akasema.

Uani hapakuwa na pa kukanyaga. Kuni zilirundikwa ukutani, unga umejaa ndoo, wanawake wamekaa kwenye mikeka hawajui walie au wacheke. Kijana mmoja akauliza kwa sauti, "Ndiye huyu aliyemuua babu?" Mzee Ebeneza alikuwa kwenye kiti, blanketi mabegani, kofia ya sufu kichwani. Nikachuchumaa mbele yake, nikaomba msamaha. Akakohoa tu.

Mama Germana ndiye aliyenijibu. "Dainess wetu amepanda gari kule Ludewa tangu asubuhi. Tunapiga, hapatikani. Mwanangu yumo humo njiani peke yake anamlilia baba yake, Basil."

Nilikaa chini kwenye majani nikasubiri na wengine. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyeniletea uji.

Saa tisa bodaboda ikaingia. Akashuka Dainess, mkononi ana mfuko wa machungwa. Watu wakatazamana: mwenda msibani hanunui machungwa. Akamkumbatia baba yake, akakaa miguuni pake.

"Ulijuaje, mwanangu?" mama yake akauliza.

"Tulipopita Mlangali simu ikashika kijiti kimoja cha mtandao. Nikaifungua tena ile habari. Nilitaka tu nimwone baba sura. Nikakuta anacheka." Hapo ndipo alipoanza kulia. "Nilipiga kelele, dereva akasimamisha gari."

Nikamgeukia Fidelia. Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini unadhani aliuliza nini? "Samahani, dada. Ilichukua muda gani kufunguka?"

"Palepale tu."

"Haya," akasema, akajifuta macho.

Kama nisingezuiwa asubuhi ile, binti yule angebonyeza akakuta pakavu, angelia kutoka Mlangali hadi Mdandu. Nilijifunika uso kwa viganja. Mwenye kunicheka na anicheke. Kazi nzuri kama ile ya Fidelia sijawahi kuifanya mimi kwa miaka kumi na tisa.

Mzee Ebeneza akaomba asomewe. Dainess akasoma kwa sauti mpaka mwisho.

"Herufi zake zikoje?" mzee akauliza. "Zile zile za kunifisha?"

"Zile zile, baba."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Kisha akanyoosha kidole kwangu, akawaambia watu wake, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili langu laja, silikatai. Siku hiyo msimpigie mwandishi mwingine. Ataandika huyu huyu." Akamgeukia mkewe. "Unga upo, kuni zipo. Mnamngoja nani? Pikeni."

Nikatoa daftari. Nikaandika namba yake ya simu, na ya mkewe, na ya Dainess, na ya jirani.